Miaka 13 kwenye saa ya mazoezi: mlango uliofungwa kwa ajili ya nani?

Saa niliinunua Mtwara mjini, wiki ile malipo ya korosho yalipoingia. Ilikuwa ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Lindi, ambaye tangu aanze shule hajui kutembea, yeye ni mbio tu. Nilimwahidi kwamba korosho zikipata bei nzuri mnadani nitamletea saa inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, kama zile anazoziona kwa wanariadha kwenye televisheni. Ahadi ya mjomba kwa mpwa, kwetu kusini, haicheleweshwi.

Jioni niliyofika nilikaa barazani kwa dada, nikaanza kuiunganisha saa na simu yangu. Programu ikauliza tarehe ya kuzaliwa ya mvaaji. Nikaandika ya mtoto. Ikakataa: aliye chini ya miaka 13 hawezi kufungua akaunti. Nikarudi nyuma, nikaweka mwaka wangu mimi, barua pepe yangu na uzito wa kukisia. Ikafunguka papo hapo na kunikaribisha. Mtoto akaivaa, akatoka nayo mbio hadi barabarani.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye mazoezi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, pale Uwanja wa Ilulu, saa ilianza kutetemeka mkononi mwake ikionya kwamba moyo umepita kiwango. Mwalimu, kwa uangalifu wake, akamtoa kwenye mbio akamkalisha kivulini. Usiku dada akanipigia simu. "Kaka, hii saa uliyoleta inasema mwanangu anaumwa moyo." Siku iliyofuata yote iliishia hospitalini. Daktari akampima, akamsikiliza kifua, hakuona tatizo lolote. Kisha akaishika ile saa na kumgeukia dada: "Mama, humu mmeandika ana miaka mingapi?"

Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo nimetumia muda mwingi kuelewa nilichokuwa nimefanya pale barazani.

Nianze na moyo. Saa nyingi za mazoezi hukadiria kilele cha mapigo kwa hesabu nyepesi: 220 toa umri. Mtu wa miaka 40 hupewa kilele cha mapigo 180 kwa dakika. Mtoto wa miaka 11, kwa hesabu hiyohiyo, angepewa 209, ingawa kanuni yenyewe ilitokana na vipimo vya watu wazima na kwa watoto si ya kutegemea. Mtoto anayekimbia kwa nguvu zake zote kufika mapigo 190 si jambo la ajabu. Lakini saa iliyoambiwa kwamba mvaaji ni mtu wa makamo inaona mtu wa makamo anayekaribia kuanguka. Nishati inayotumika mwilini nayo hukokotolewa kwa umri, jinsia, urefu na uzito, kwa hiyo hata hapo kila kitu kilikuwa kimepinda. Mtoto anayekua akaanza kupewa malengo ya mtu anayetaka kupunguza kitambi.

Hilo ndilo kosa lililoonekana. Lililojificha ni kubwa zaidi, na ili kuliona ni lazima kuuliza ile miaka 13 ilitoka wapi.

Nambari yenye kabila lake

Wazazi wengi niliozungumza nao Lindi na Mtwara wanaamini 13 ni umri ambao mwili wa mtoto unaweza kuvumilia saa. Wengine wanaihofia ile taa ya kijani iliyo nyuma yake. Taa hiyo humulika ngozi tu, na kitambuzi kilicho pembeni yake hupima mwanga unaorudi kadiri damu inavyopita. Haihusiani na kikomo cha umri. Miaka 13 si ya daktari wala ya mwalimu wa michezo, ni ya wanasheria.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, inayojulikana kwa kifupi kama COPPA, na ikaanza kutumika Aprili 2000. Inasema kwamba mwenye huduma inayowalenga watoto, au anayejua kwamba mtumiaji wake hajafika miaka 13, hana ruhusa ya kukusanya taarifa za mtoto huyo kabla ya kumjulisha mzazi na kupata ridhaa yake kwa njia inayothibitika. Tazama kwa makini mzigo umewekwa mabegani mwa nani. Sheria haikumkataza mtoto wa miaka 12 kutumia chochote. Ilimwambia mwenye kampuni: ukitaka taarifa za mtoto huyu, nenda kwanza kwa mzazi wake.

Kwenda kwa mzazi ni gharama. Inabidi kujenga utaratibu wa kumtambua, kutunza ushahidi kwamba aliridhia, kumpa uwezo wa kuona na kufuta. Kampuni nyingi zilipiga hesabu zikaona ni nafuu kuandika kwenye masharti kwamba walio chini ya miaka 13 hawaruhusiwi, kisha kuuliza mwaka wa kuzaliwa mlangoni. Kwa hiyo ule ujumbe uliomkataa mpwa wangu hausemi kwamba saa ni hatari kwake. Unasema kampuni haiko tayari kubeba wajibu ambao sheria ingeipa kama ingempokea akiwa mtoto.

Nilipoelewa hapo nilinyamaza kwa muda. Nilipoandika mwaka wangu, niliutua ule mzigo kwa niaba ya kampuni. Nilimwingiza mtoto ndani akiwa amevaa koti la mtu mzima, na ulinzi wote uliowekwa kwa ajili yake ukabaki nje.

Sisi tunaofuatilia michezo ya shule tunawajua vijeba, wale wanaopunguza miaka ili wacheze na watoto. Tunawakemea kwa sababu wanawaumiza wadogo. Huku kwenye saa mambo yamegeuka, mdogo ndiye anayeongezewa miaka, na anayemwongezea mara nyingi ni mtu mzima anayempenda.

Ulaya walichagua namba nyingine. Kanuni yao ya ulinzi wa taarifa, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaweka umri wa mtoto kuridhia mwenyewe huduma za mtandaoni kuwa miaka 16, lakini inaruhusu kila nchi kushusha hadi 13. Ujerumani ikabaki na 16, Ufaransa ikachukua 15, Italia 14, Uingereza 13. Ndiyo maana saa ileile inaweza kumkubali mtoto ukichagua nchi moja na kumkataa ukichagua nyingine. Mwili wake haujabadilika, kilichobadilika ni mpaka aliovuka.

Na wapo waliokubali kubeba mzigo. Kampuni ya Garmin ilitoa bendi ya watoto, ile mikanda ya mkononi inayohesabu hatua, mwaka 2016, na kampuni ya Fitbit ikatoa yake, Ace, mwaka 2018. Humo mtoto hana akaunti inayojitegemea. Mzazi hufungua yake kwanza, kisha humweka mtoto ndani yake kwa umri wake wa kweli, na mzazi ndiye anayeona na kuamua mtoto aunganishwe na nani.

Kinachotoka mkononi

Hatua ni sehemu ndogo tu. Saa ya kawaida ya mazoezi inajua mapigo ya moyo usiku na mchana, saa ya kulala, mara ngapi mvaaji aliamka, siku aliyokaa tu bila kucheza. Ikiwa na GPS, yaani mfumo wa kutambua mahali ulipo, au ikiazima ya simu, inajua njia. Mtoto wa shule ana njia moja: nyumbani, shuleni, madrasa, uwanjani, nyumbani. Baada ya wiki mbili za taarifa hizo huhitaji jina lake kujua anakoishi na saa anayopita peke yake.

Mwaka 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia iliyochorwa kwa njia za mazoezi za watumiaji wake, bila majina. Mapema 2018 watu wakagundua kwamba katika maeneo ya jangwani mistari ile iling'aa kwenye kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo wakiwa na saa mkononi. Kama njia zisizo na majina ziliwafichua watu wenye silaha na uzio, mtoto wa darasa la tano hana cha kumficha.

Kuna taarifa nyingine ambayo mimi kama mwanamume wa kusini naiandika kwa heshima. Programu nyingi za saa hizi zina ukurasa wa hedhi. Huku kwetu msichana akivunja ungo kuna taratibu, kuna kungwi, kuna maneno anayofundwa ambayo hata baba yake haelezwi. Unyago una mambo mengi ya kujadiliwa, nayo yanajadiliwa. Lakini unalo jambo moja ambalo watunga sheria wa Ulaya na Marekani wanalihangaikia hadi leo: habari za mwili wa mtoto zina mtu wake wa kuambiwa, na huyo mtu amefungwa na mila asizitoe nje. Programu ya simu haijafungwa hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimalizana na kampuni ya Flo, yenye programu ya kufuatilia hedhi, baada ya kudai kwamba iliwaahidi wanawake usiri na huku ikipeleka taarifa zao kwa kampuni nyingine, Facebook ikiwemo. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba faragha ni jambo la Wazungu sikubaliani naye. Bibi zetu waliijua, na waliijengea uzio.

Kesi inayofanana zaidi na ya kwangu ni ya Kurbo, programu ya uzito na lishe iliyomilikiwa na kampuni ya WW, zamani Weight Watchers, na kutangazwa kwa watoto kuanzia miaka 8. Mlangoni mtoto aliweza kujisajili mwenyewe kwa kusema tu kwamba amefika miaka 13. Mamia walifanya hivyo, kisha wakarekebisha umri wao ndani ya programu ikaonekana wazi kwamba ni wadogo, na huduma ikaendelea kama kawaida. Machi 2022 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5, kufuta taarifa zilizokusanywa kinyume cha sheria, na kuharibu hata mifumo ya kukokotoa iliyojengwa kwa taarifa hizo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifungua macho. Kufuta jina na uzito wa mtoto hakutoshi ikiwa mashine tayari imejifunza kutokana naye.

Kwetu mtoto ni nani?

Swali hili kwa watu wa Mtwara na Lindi lina majibu mawili, na yote yanaishi nyumba moja. Kijana akitoka jandoni, hata kama yuko darasa la nne, anaambiwa sasa umekuwa. Hilo ni jambo la utu na adabu, na sioni ubaya wake. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, awe ametoka jandoni au la. Kwa hiyo yule kijana wa miaka 14 ambaye kampuni ya Marekani inampokea kama mtu anayejiamulia, hapa kwetu bado ni mtoto kisheria kwa miaka minne mizima.

Nchi yetu sasa ina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hii inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na za afya na za kibayometriki. Taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, na mhusika akiwa mtoto, ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi. Ridhaa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume, na mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka hukohuko.

Mapigo ya moyo ya mtoto, basi, ni nyeti mara mbili: ni ya afya, na ni ya mtoto.

Hapo ndipo fundo gumu linapokaza. Nani aridhie? Kwa sisi tunaofuata ukoo wa mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya wapwa zake. Ndiye anayeitwa kwenye posa na kwenye shauri la shule. Mimi nilibonyeza "nakubali" bila kusita kwa sababu moyoni mwangu nina haki hiyo. Lakini mtoto haishi kwangu, na hakuna mahakama iliyonifanya mlezi wake. Mama yake alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu akipepeta mchele, wala sikumwuliza. Kimila nilikuwa mjomba mwema. Kisheria nilikuwa mtu mwingine anayetoa taarifa za mtoto wa wenyewe.

Dada naye, hata kama ningemwuliza, ana simu ya kitochi. Hana barua pepe. Njia zinazotumiwa na kampuni za nje kuthibitisha mzazi ni pamoja na malipo madogo ya kadi ya benki au picha ya kitambulisho. Mwanamke wa Mtanda, hapa Lindi, anayepokea na kutuma pesa zake zote kwa simu, asiye na kadi ya benki, mfumo haumwoni kama mzazi. Hili si kosa lake, na ningependa Tume yetu ilisimamie, kwa sababu ridhaa ya mzazi inayodai vitu ambavyo mzazi wa Lindi hana inawasukuma watu kwenye uongo uleule nilioufanya mimi.

Kuna na zile saa za bei nafuu za madukani, zisizo na jina la kueleweka, ambazo programu yake unaipata kwa kupiga picha kile kijimraba kilichochapwa kwenye boksi. Hizo haziulizi umri hata kidogo. Usidhani ni wema. Mwaka 2017 Baraza la Walaji la Norwei lilizichunguza saa za watoto zenye GPS na kukuta baadhi yake zinamruhusu mgeni kumfuatilia mtoto, hata kuzungumza naye. Mwaka huohuo Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri yanayosemwa karibu na mvaaji, na ikawataka wazazi waliokuwa nazo waziharibu. Kama boksi halikuonyeshi kampuni ni ya nani na inapatikana wapi, siku ukitaka taarifa zifutwe hutakuwa na wa kumwandikia.

Walimu wa michezo nao niwaombe jambo moja kwa unyenyekevu. Najua mtoto mwenye saa anarahisisha kazi, na najua hamu ya kupiga picha kioo cha saa na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili kuonyesha maendeleo. Ile picha ni taarifa ya afya ya mtoto wa mtu, na watu mia wanaoipata hawakuridhiwa na yeyote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kutosha kuwatoa jasho. Mtoto anayetembea kwa miguu kwenda na kurudi shule, akacheza mpira jioni ufukweni, dakika zake hazihitaji kusomwa kutoka seva ya nchi nyingine.

Niliporudi Lindi nilikaa na dada, nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa hayo mapigo ya mwanangu yako wapi?" Nikamwonyesha kwenye simu yangu. Miezi mitatu ya usingizi wa mtoto wake, usiku baada ya usiku, kwenye akaunti yenye jina langu. Alizipitia zote kwa kidole, taratibu, bila kusema neno. Tukafungua ukurasa wa mipangilio, tukatafuta kufuta akaunti. Si kuondoa programu kwenye simu tu, maana ukiondoa programu taarifa zinabaki kule zilikokwenda. Programu ikauliza kama nina uhakika. Nikampa dada simu, akabonyeza yeye.

Saa iko kabatini. Dada amesema msimu ujao tukiuza vizuri nimtafutie simu janja yake mwenyewe, ndipo tutafute bendi ya watoto na kumsajili kijana kwa mwaka wake wa kweli, na yeye mama ndiye atakayesoma masharti na kuamua. Mtoto alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi Ilulu, na mwalimu akampima kwa saa ya kubonyeza ya shule, ile ya kamba ya shingoni. Mita 800 alikimbia vizuri kuliko mara zote. Muda wake ameuandika kwa kalamu kiganjani, akamwonyesha mama yake, na mimi akaninong'oneza kwenye simu. Hapa siutaji.